Tembea Kwanza, Ndipo Upande

Kamba yenyewe haina thamani. Ni vipande vilivyoungwa: katani kidogo, mpira wa baiskeli uliochanwa, na utepe wa kitenge kilichochakaa. Kila baada ya hatua moja ina fundo. Mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya Salamabila, mashariki mwa Kongo, huiviringa kwenye kijiti na kurudi nayo nyumbani kila jioni, kwa sababu kamba ikilala uwanjani, asubuhi utaikuta shingoni mwa mbuzi wa mtu.

Nilimtazama akiitandaza. Alipiga kigingi cha kwanza chini ya mwembe, akavuta kamba sambamba na barabara, akaikaza kwenye kigingi cha pili. Nikadhani sasa ataita watoto. Wapi! Alitoa mfukoni kamba nyingine, ndogo, iliyofungwa ncha kwa ncha ikawa duara, yenye mafundo 12 yaliyoachana sawasawa. Akaita vijana watatu, kila mmoja akashika fundo lake, wakavuta mpaka ikawa pembetatu: upande mmoja nafasi 3, wa pili 4, wa tatu 5. Hiyo ndiyo hesabu ya mafundi wa nyumba. Pande zikiwa hivyo, kona iliyo kati ya 3 na 4 ni pembe mraba, haina ubishi. Alipoipata kona ndipo akavuta kamba ya pili, ile inayoelekea mlimani.

Kazi hiyo ilikula karibu nusu saa. Nilimuuliza kama watoto wa miaka kumi, kumi na mmoja wangetambua pembe ikiwa imepinda kidogo.

“Hawatatambua,” akajibu. “Watajifunza uongo kwa usahihi kabisa.”

Somo lenyewe ni dogo, na vitabu hulimaliza kwa kurasa chache: mhimili mlalo, mhimili wima, jozi ya namba, weka nukta, sogeza nukta. Mwalimu anayefuata kitabu huchora msalaba ubaoni, huandika majina ya mihimili, na katika dakika kumi darasa zima linaimba “absisi, ordone” kama wimbo wa kanisani. Ukimwita mmoja mbele na kumwambia aonyeshe nukta (2, 5), chaki inaanza kutetemeka. Kosa si la mtoto. Kwetu Maniema anaanza shule kwa Kiswahili, kisha akipanda madarasa anahamia Kifaransa, kwa hiyo siku anayokutana na jambo geni ndiyo siku anayokutana na jina geni. Mizigo miwili, kichwa kimoja. Na tangu 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bure, vichwa hivyo ni vingi darasani kuliko madawati.

Mwalimu huyu ameyaweka majina kando kwa wiki nzima. Badala yake ana amri moja: tembea kwanza, ndipo upande. Kutembea ni kufuata barabara. Kupanda ni kuelekea mlimani. Hapa Salamabila hakuna mtoto wa kuelezwa maana ya mlima. Wamekua kando ya Mwendamboko, Kakula na Muviringu, vilima vya Namoya ambavyo baba zao na babu zao wamevichimba dhahabu tangu enzi za Wabelgiji. Barabara iko chini, mlima uko juu, na mtoto yuko mwembeni. Hapo mwembeni ndipo sifuri.

Akaita wawili. Msichana akapewa (2, 5), mvulana (5, 2). Wakaondoka pamoja, bega kwa bega, wakacheka. Kwenye fundo la pili msichana akakata kona na kuanza kupanda. Mvulana akaendelea kutembea peke yake, akageuka nyuma mara mbili kuhakikisha kwamba hajapotea. Alipofika fundo la tano akapanda hatua mbili tu, akasimama. Mmoja alikuwa karibu na barabara, mwingine amekaribia ukuta wa darasa. Wakatazamana kutoka mbali. Namba zilezile!

Mwalimu hakusema neno. Nikasubiri aseme kwamba mpangilio una maana, kwamba ya kwanza ni ya kutembea, kwamba ukigeuza umefika kwa watu wengine. Mimi ningesema, na mwalimu wangu alisema, kwa fimbo. Yeye alikunja mikono akawaacha wale wawili wasimame juani mpaka minong’ono ikaanza kwenye mstari, ikakua, na watoto wakaanza kuelezana wenyewe. Kunyamaza huko ndiko ninakokuonea wivu zaidi ya kamba zote.

Halafu yako makosa mengine mawili, na anayajua kama daktari anavyojua homa. La kwanza ni la kuhesabu. Mtoto akisimama kwenye kigingi cha mwembe husema “moja”, kwa sababu duniani kote kitu cha kwanza ni moja. Anapofika “tano” yuko kwenye fundo la nne. Dawa yake ni kumzuia mtoto asihesabu kigingi bali ahesabu hatua: mdomo haufunguki mpaka mguu utue. Aliyesimama hajahesabu kitu, na jina la kutokuhesabu kitu ni sifuri. Sijawahi kusikia sifuri ikielezwa kwa maneno machache hivyo.

La pili ni la bao. Watoto hawa wamezoea kuweka kete ndani ya shimo. Ukiwachorea mistari vumbini na kuwapa vizibo vya soda, wataviweka katikati ya chumba, ndani ya kile kimraba, mahali ambapo kete hukaa. Kumbe nukta haikai chumbani, inakaa njia panda, pale mistari miwili inapokatana. Mwalimu alipita akiinamia kizibo kimoja kimoja, akikisukuma kwa kidole hadi kwenye njia panda, akamwachia mtoto wa jirani asukume kinachofuata. Vizibo 40 na kitu, mgongo umepinda, hakuna haraka.

Wenye kupenda historia husema mambo haya yalianza kwa Descartes, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637, na wengine huongeza kisa cha nzi aliyetembea darini huku mzee amelala kitandani akimpimia njia. Kisa cha nzi ni kizuri lakini hakina ushahidi, na katika kitabu chenyewe hutaikuta ile mihimili miwili ya pembe mraba kama tunavyoichora shuleni. Waliomfuata ndio waliosafisha uwanja. Nalitaja hilo kwa sababu linanifariji. Kama jambo lilihitaji watu wengi na miaka mingi kunyooka, mtoto wa darasa la tano anaweza kupewa wiki mbili.

Siku ya pili ilikuwa ya kusogeza. Kizibo kiko (1, 1). Kisogeze hatua 3 kufuata barabara. Kiko wapi? (4, 1). Namba ipi imebadilika? Ya kutembea. Ya kupanda je? Imelala palepale. Jambo hili likifika vidoleni, mtoto anaacha kuhesabu upya kutoka mwembeni kila mara, anajumlisha tu. Niliona usoni mwa msichana mmoja dakika lilipomfikia. Aliinua mguu ili arudi kwenye kigingi, akausimamisha hewani, akaushusha.

Kisha pembetatu ya watu. Watoto watatu kwenye njia panda tatu, kamba imewazunguka viunoni, imekaza. Amri: wote, hatua 3 kufuata barabara, kwa pamoja. Mvulana mrefu alipiga hatua za kikubwa, kamba ikamvuta mwenzake, umbo likapinda, kicheko. Wakarudia. Safari hii walitembea wakitazamana miguu, na pembetatu ikahama nzima kama meza inayobebwa na watu wanaoelewana: pande zilezile, pembe zilezile, mahali pengine. Mwalimu akawauliza kama kamba imelegea. Haikulegea. Imekaza zaidi? Hapana. Akaliachia hapo. Siku watakapokutana na neno la kitabuni la mwendo huo watakuwa tayari wameuvaa viunoni.

Siku ya tatu alifanya jambo lililonitia wasiwasi. Vizibo vilikuwa vimekwisha kuwekwa, kila kimoja na anwani yake iliyoandikwa kwenye daftari. Akang’oa kigingi cha sifuri. Akahamisha kamba ya mlimani hatua 2 kufuata barabara, akakipiga kigingi hapo, akapima tena kona yake kwa ile kamba ya mafundo 12, polepole, kana kwamba hakuna macho zaidi ya hamsini yanayomkodolea. Kisha akawaambia wasome anwani upya.

Kilichokuwa (5, 2) sasa kilikuwa (3, 2). Fujo. Wengine walidai kuna aliyesogeza vizibo. Mmoja akataka kumpiga mwenzake. Mpaka kijana mmoja mfupi, asiyesema sana, akapaza sauti: “Mwalimu, kizibo hakikutembea. Njo sifuri ilitembea!”

Lakini kulikuwa na kizibo kilichokuwa (1, 4). Kwa kigingi kipya, kiko nyuma ya sifuri. Hatua moja nyuma. Msichana mwenye kizibo hicho alisimama juu yake amekunja uso, daftari mkononi. Je, chake hakina anwani tena?

Sasa nitoke kidogo uwanjani, maana swali la msichana huyo limewasumbua watu wakubwa. Vilima vya Namoya vimepimwa mara nyingi. Kampuni ya Kibelgiji, Cobelmin, ilichimba hapa kabla na baada kidogo ya uhuru. Miaka ya 2000 wakaja wanajiolojia wa Banro ya Kanada, na mgodi ukaingia kwenye uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Wanajiolojia hawachimbi ovyo. Husafisha njia zilizonyooka msituni, hupiga vigingi kwa umbali sawa, huchukua udongo penye kila kigingi na kuuandikia namba mbili: umbali kwenda mashariki, umbali kwenda kaskazini. Ni kamba ileile ya mwalimu, ila ni ndefu.

Na sifuri yao iko wapi? Katika upimaji unaotumika sana, dunia imekatwa vipande 60 vya nyuzi 6 kila kimoja, kama chungwa. Kipande chetu kina uti wa mgongo kwenye nyuzi 27 mashariki, na mstari huo unapita katikati yetu: mji wa Kasongo uko magharibi yake, Salamabila iko mashariki yake. Uti huo ungeitwa sifuri, watu wa Kasongo wangekuwa nyuma, kama kizibo cha yule msichana. Basi wapimaji wakafanya ujanja. Wameuita uti huo 500,000, kwa mita, ili wa magharibi nao wabaki na namba ya kawaida iliyo ndogo kidogo. Kwa sisi tulio kusini mwa ikweta wameiita ikweta yenyewe 10,000,000, tukihesabiwa kwa kupunguza. Hivyo Salamabila, kilomita 440 na ushee chini ya ikweta, inaangukia kwenye milioni tisa na nusu hivi. Wameisukuma sifuri mbali sana ili pasiwe na mtu nyuma yake. Wapimaji hao wameikimbia ile alama ya kutoa.

Upande huo wa Kasongo, namba moja tu iliwahi kutoa jibu kwenye ubishi mkubwa kuhusu mto. Msafiri Livingstone alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871, akautazama mto huo akiamini huenda ni Nile. Miaka mitatu baadaye msafiri mwingine, Cameron, alifika palepale, akapima urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, akakuta mto uko chini kuliko Nile inapopita Gondokoro. Maji hayapandi. Hiyo ni namba ya tatu, ya kupanda kwelikweli, na mwalimu wetu hajafika huko.

Turudi mwembeni. Yule msichana bado amesimama. Mwalimu aliuliza darasa wamsaidieje.

“Turudishe kigingi,” akasema mmoja.

“Tukipeleke mbali,” akasema yule kijana mfupi. “Tukipige Kasongo. Kasongo iko kule chini, machweo. Hapo sisi wote tutakuwa mbele.”

Ramani inamuunga mkono: kutoka Kasongo, Salamabila iko mashariki na iko kaskazini pia, yaani unatembea kisha unapanda. Darasa likapiga makofi. Mwalimu mwenyewe alitabasamu. Ndipo msichana akainua daftari lake.

“Na watu wa Kibombo?” akauliza. Kibombo iko magharibi zaidi, ng’ambo ya Lualaba. “Wao si watakuwa nyuma ya Kasongo?”

Makofi yakakatika. Mwalimu alichuchumaa kando ya kizibo chake, akaokota kijiti, akaandika vumbini 1 na 4 na mkato katikati. Kisha, mbele ya ile 1, akaacha nafasi, akampa msichana kijiti.

Kengele ikalia. Watoto wawili wakaanza kuviringa kamba, fundo kwa fundo, wakizunguka pale alipochuchumaa yule mwenzao, ambaye alikuwa bado anaitazama ile nafasi.