Boksi Kwanza, Wati Baadaye: Hesabu ya Besi kwa Noah ya Kasumulu

Anayenunua chungu cha Wakisi pale Matema hukigonga kwa kidole kabla hajatoa hela. Chungu kizima huitika. Chenye ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, hutoa mlio wa kufa. Na ukipuliza kwa ubavu mdomoni mwake, hewa iliyomo tumboni hunguruma kwa noti moja, nene zaidi kadiri tumbo lilivyo kubwa na shingo ilivyo nyembamba. Mambo hayo mawili, chombo kisichovuja na ujazo wa hewa uliomo, ndiyo yanayoamua besi ya gari kabla hata spika haijachaguliwa. Wengi huanzia mwisho: wananunua wati, kisha wanatafuta mbao za kuzifunikia. Hoja yangu ni kwamba kwa gari la abiria aina ya Noah linalopanda na kushuka kati ya Uyole, Tukuyu na mpaka wa Kasumulu, katika joto na unyevu wa Njisi na ufukwe wote wa Kyela, boksi linalofaa ni dogo, limezibwa kila upande, na limejengwa kwa plaiwudi. Si lile kubwa la ubao wa MDF lenye tundu ambalo wengi huliona ndilo la kiume.

Tuanze na kazi ya boksi. Spika ikiwa uchi, koni husukuma hewa mbele huku ikiivuta nyuma. Mawimbi hayo mawili hukutana pembeni na kufutana. Kwa sauti nyembamba hasara si kubwa, lakini besi hupotea karibu yote. Kuna njia mbili maarufu za kuyatenganisha. Mwaka 1932 Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, alipata hataza ya boksi lenye tundu, ambamo wimbi la nyuma hupitia kwenye bomba na kutoka likiwa limegeuka, likaliunga mkono lile la mbele. Mwaka 1954 Edgar Villchur alikuja na njia ya pili katika spika yake ya AR-1: fungia hewa yote ndani, iwe springi ya kuirudisha koni mahali pake. Hesabu kamili ya kuioanisha spika na boksi ilikuja baadaye kwa Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo maana spika ya maana huja na karatasi yenye tarakimu tatu muhimu: hezi ambazo koni hutikisika kwa hiari yake, lita za hewa zenye ugumu sawa na raba inayoishikilia, na kipimo cha breki yake, yaani jinsi inavyotulia mdundo ukishapita. Anayetupa karatasi hiyo pamoja na katoni ametupa nusu ya spika.

Sasa tulichukue boksi la tundu tulipime kwa rula. Tuseme nje lina sentimita 60 kwa 38 kwa 36, ubao wa milimita 18, spika ya inchi 12, na tundu ni bomba la maji taka la inchi 4 ambalo kipenyo chake cha ndani ni sentimita 10.4 hivi. Zidisha vipimo vya nje unapata lita 82. Lakini koni haisukumi mbao, inasukuma hewa. Ondoa unene wa ubao kila upande, unabaki na lita 63. Ondoa lita 3 za mwili wa spika, lita moja na nusu ya mihimili ya ndani, na lita 3 za bomba lenyewe, zinabaki 55. Kwa lita hizo, ili boksi lingurume kwenye hezi 35, bomba linatakiwa liwe na urefu wa sentimita 31 hivi. Fundi aliyepiga hesabu kwa lita 82 atakata bomba la sentimita 18 na nusu, na boksi lake litanguruma kwenye hezi 42. Tofauti ya hezi 7 si ndogo. Chini ya mngurumo wake, boksi la tundu haliishiki tena koni: hewa huingia na kutoka kwenye bomba kama mlango ulioachwa wazi, koni inarukaruka bila breki, na koili hugonga chuma. Juu kidogo ya hapo kila wimbo unapata besi ya noti ileile, ule mvumo wa pipa tupu ambao wasikilizaji wengi wameuzoea hadi wanaudhani ndio besi yenyewe. Na tatizo halijaisha. Bomba la sentimita 31 haliingii kwenye kina cha sentimita 32 na bado likapumua. Mdomo wake wa ndani unahitaji nafasi ya kipenyo chake kabla ya kukutana na ukuta. Lazima lilazwe kwa urefu wa boksi, jambo ambalo halionekani mpaka mbao zimeshakatwa.

Ichukue spika hiyohiyo na kuifungia katika lita 30 bila tundu. Tuseme karatasi yake inasema hezi 30, lita 60, na breki ya 0.45. Ndani ya boksi mngurumo wake unapanda hadi hezi 52, na kipimo cha breki kinakuwa 0.78, mahali pazuri kabisa kwa muziki. Sasa mwache fundi akosee: boksi litoke na lita 25. Kipimo kinakuwa 0.83. Litoke na lita 35, kinakuwa 0.74. Sikio la abiria aliyekaa kiti cha nyuma halitaona tofauti. Hii ndiyo sifa ya boksi la kufunga ambayo haitajwi madukani: linamsamehe mjenzi. Boksi la tundu linamdai fundi kila sentimita. La kufunga linamdai jambo moja tu, lisivuje.

Halafu kuna gari lenyewe. Noah haina buti lililotengwa. Boksi, abiria na mizigo hukaa katika chumba kimoja cha hewa. Sauti ambayo nusu ya wimbi lake ni ndefu kuliko chumba haina nafasi ya kusafiri ndani yake. Badala yake inakibana na kukiachia chumba kizima kama pampu ya baiskeli. Kwa chumba cha mita 3, katika joto la Kyela, jambo hilo huanza karibu na hezi 58. Kuanzia hapo kwenda chini, kila hezi zinapopungua kwa nusu, chumba huongeza besi hadi desibeli 12 kinadharia. Boksi la kufunga nalo, chini ya mngurumo wake, hupoteza desibeli 12 kwa kila nusu hiyohiyo. Kimoja kinashuka pale kingine kinapopanda, na matokeo yake ni besi iliyonyooka ambayo hakuna aliyeilipia wati. Bati jembamba na milango inayovuja hula sehemu ya faida hiyo, lakini haiishi yote.

Pingamizi la kwanza litatoka hapo: nani anafunga madirisha Kasumulu mchana wa jua kali? Ni kweli, dirisha likishushwa chumba kinaacha kubana, na besi ya chini kabisa inatoroka. Lakini dirisha likiwa wazi na gari likiwa kwenye mwendo, upepo na matairi hufunika hezi 30 na 35 kwa vyovyote vile. Kinachobaki kusikika ni hezi 50 hadi 80, na boksi la kufunga lina nguvu zake huko. Pingamizi la pili ni zito zaidi: boksi la tundu linapiga kwa sauti kubwa zaidi. Nalo ni kweli. Karibu na mngurumo wake linaweza kulizidi la kufunga kwa desibeli 3 au zaidi, na desibeli 3 maana yake ni kuongeza wati mara mbili. Ila wati zenyewe tuzitazame kwenye fyuzi, tusizisome kwenye ganda. Amplifaya yenye fyuzi mbili za ampea 30 kwenye volti 14 haiwezi kula zaidi ya wati 840 kwa muda mrefu, hata ikiandikwa 3,000, na sehemu ya hizo inageuka joto kabla haijafika kwenye koili. Ndani ya Noah yenye watu saba, upungufu wa desibeli 3 ni bei ndogo kuliko nafasi ya lita 30 na kitu ambayo ingekaa mkungu wa ndizi za Tukuyu au mfuko wa mchele.

Limebaki suala la ubao. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani husifu MDF kwa sababu ni nzito, kati ya kilo 700 na 800 kwa mita ya ujazo, imelingana kila mahali, na haina mkondo wa nyuzi. Kwenye gereji kavu hoja hiyo inasimama. Kyela ni nchi nyingine: mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, hewa ya ziwa ni nzito, na sakafu ya gari la abiria haikauki msimu wa masika. MDF ni mbao zilizochambuliwa kuwa nyuzi laini na kushikwa kwa gundi, na ukingo wake uliokatwa hunyonya maji kama mkate. Ukivimba, skrubu zinalegea; skrubu zikilegea, kiungo kinafunguka; kiungo kikifunguka, lita 30 za hewa iliyofungwa zinakuwa boksi lenye tundu ambalo hakuna aliyelipigia hesabu. Plaiwudi ya milimita 18, hasa ile ya kufungia zege ambayo gundi yake inavumilia maji, ni nyepesi kidogo lakini hushika skrubu na umbo lake. Wepesi huo unatibiwa kwa mhimili mmoja wa ndani, kutoka ubavu hadi ubavu. Joto, ambalo wengi hulilaumu, si mshitakiwa mkuu. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 40, sauti huongeza mwendo kutoka mita 343 hadi 355 kwa sekunde, na boksi la tundu la hezi 35 linahamia 36. Maji ndiyo yanayoliua boksi.

Wapo watakaosema fundi mzuri husikia kwa sikio na hahitaji karatasi. Sikio linajua kuhukumu. Halijui kukata ubao. Linakuambia besi imekaa vibaya baada ya mbao, gundi na siku mbili kwisha. Lipewe kazi yake mwishoni, pamoja na vipimo viwili vya bure. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, uiachie: ikirudi polepole, boksi limeziba, ikiruka upesi, linavuja. Kisha cheza noti nene, zima njiti ya kiberiti, upitishe moshi wake kwenye viungo na kwenye tundu la waya. Moshi ukitetemeka, hapo ndipo pa silikoni.

Sidai kwamba boksi la tundu halina kwao. Gari la matangazo linalopiga muziki kwa watu walio nje halina chumba cha kulisaidia. Huko bomba lililopimwa vizuri litamshinda Villchur kila siku, mradi aliyelikata alipima ndani ya boksi na si nje. Kwa Noah, agiza lita 30 za plaiwudi, na ile karatasi ya spika irudi nayo nyumbani.