Dakika Mbili kwenye 45

Matokeo ya jaribio la ART mmeyasoma na wengi wenu mnayajua kwa moyo: wagonjwa 1,010 wa ARDS, vyumba vya mahututi 120 katika nchi tisa, Brazil ikiongoza, na waliofunguliwa mapafu kwa presha kubwa wakafa wengi kuliko wenzao. Asilimia 55.3 dhidi ya 49.3 ndani ya siku 28. Tangu yachapishwe Oktoba 2017, mabishano yamekuwa ya PEEP kubwa na PEEP ndogo, kana kwamba hapo ndipo penye jibu. Mimi nasema mambo yaliharibika mapema zaidi, kwenye ngazi ya tatu ya kupandisha: PEEP 45, dakika mbili. Uamuzi ule ulikuwa kosa tangu siku ulipoandikwa kwenye itifaki.

Tuutazame polepole. Mgonjwa ameshapewa dawa ya kulegeza misuli, ametulia. Mashine iko kwenye udhibiti wa presha, sentimita 15 za maji juu ya PEEP. PEEP inapandishwa hadi 25, dakika moja. Inapandishwa hadi 35, dakika moja nyingine. Kisha 45, na hapo inakaa dakika mbili. Ongeza zile 15: kila pumzi inafika 60. Sisi ambao kila zamu tunahangaika plateau isivuke 30, hapa tunaambiwa tuizidishe mara mbili. Na pumzi ikitoka, kifua hakishuki chini ya 45. Kisha, PEEP inayofaa ikishatafutwa kwa kuteremka kidogo kidogo, mgonjwa anarudishwa tena 45 kabla ya kuachwa.

Sentimita 45 za maji ni kama milimita 33 za zebaki. Damu inayorudi moyoni haina pampu yake yenyewe. Inafuata tofauti ndogo tu ya presha kati ya mwili na kifua. Hata kama ni sehemu tu ya ile 33 inayopenya hadi kwenye mishipa mikubwa, damu inakwama nje ya kifua. Ile kidogo inayoingia, moyo wa kulia unatakiwa kuipitisha kwenye vimishipa vilivyobanwa na vifuko vya hewa vilivyotuna. Moyo wa kulia wa mgonjwa wa ARDS umeshachoka kabla hujagusa kitufe chochote.

Hili sikulisoma vitabuni tu. Miaka iliyopita, katika chumba cha mahututi nilichokuwa nikifanya kazi, tulimpandisha mgonjwa mmoja hadi 40. Saturesheni ikatoka 84 ikafika 93, na sote tukakodolea macho ile namba tukifurahi. Kwenye mstari wa chini yake, wimbi la ateri lilikuwa limekonda kama uzi, na hakuna aliyeliangalia. Muuguzi aliyekuwa ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa ndiye aliyesema: "Mapigo siyapati." Tuliteremsha, tukampa maji na adrenalini, akarudi. Tangu siku hiyo mimi na saturesheni hatuaminiani.

Katika ART, wagonjwa watatu walisimama moyo wakafufuliwa, na wahusika wenyewe wakaona huenda chanzo ni ngazi ile. Ndipo 45 ikaondolewa, kilele kikawa 35. Lakini wakati huo ulikuwa mwaka wa 2015, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa wameshaandikishwa. Hapo ndipo panaponiuma. Kitu ambacho fiziolojia ya mwaka wa kwanza ingekitabiri kilingojewa mpaka mioyo isimame.

Je, 45 ilitoka wapi? Ilitoka São Paulo, kwenye kazi ya Borges, Amato na wenzao ya 2006. Walipanda hatua kwa hatua hadi presha ya 60, na mapafu yakafunguka kwa wagonjwa 24 kati ya 26. Ni kazi nzuri, lakini ni ya watu 26, waliosimamiwa na mabingwa wa jambo hilohilo. Mwaka huohuo wa 2006 Gattinoni na wenzake walichapisha kazi ya CT kwa wagonjwa 68, wakaonyesha kwamba sehemu ya pafu inayoweza kufunguka inatofautiana mno: kwa wastani asilimia 13 tu ya uzito wa pafu, wengine karibu hakuna kitu. Maana yake ni kwamba kwa wagonjwa wengi unasukuma mlango uliojengewa ukuta kwa nyuma. Pafu lililojaa maji na usaha halifunguki; hewa inakimbilia ile sehemu ndogo iliyo nzima, lile "pafu la mtoto" ambalo Gattinoni alilieleza tangu miaka ya themanini, na kulipasua. Majeraha ya presha kwenye ART yalikuwa asilimia 5.6 dhidi ya 1.6. Miaka mitano kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, elimu ya kuuliza "je, huyu anafunguka?" ilikuwepo. Swali hilo halikuwa sharti la kuingia.

Hata hivyo, kura ya kugawa wagonjwa wa ART ilikuwa safi, ufuatiliaji ulifika miezi sita, na matokeo machungu yalichapishwa wazi; heko kwa watafiti wake kwa hilo.

Wasomaji wa zamani wa safu hii watasema narudia wimbo uleule, kwamba namba nzuri ya oksijeni si kupona, na nitaurudia. Jaribio la ARDSNet la mwaka 2000, wagonjwa 861: siku za mwanzo waliopewa mililita 6 kwa kilo walikuwa na oksijeni mbaya kuliko wa mililita 12. Waliokufa ni asilimia 31 dhidi ya karibu 40. Hickling, kule New Zealand, alikuwa ameshaiona njia hiyo mwaka 1990: aliacha kaboni dioksaidi ipande, akapunguza pumzi, vifo vikawa asilimia 16 mahali ambapo karibu 40 walitarajiwa kufa. Na kabla yao wote, Copenhagen 1952, daktari Ibsen aliwapa wanafunzi wa udaktari mfuko wa kukamua kwa mkono, usiku na mchana. Mkono unahisi pafu linapokataa. Itifaki ya ngazi haihisi.

Hata kama hamu yako ni kufungua pafu, njia ilikuwepo. Guérin na wenzake walichapisha PROSEVA mwaka 2013, ART ikiwa bado inaendelea: wagonjwa 466, kifudifudi angalau saa 16 kwa kipindi, vifo vya siku 28 asilimia 16 dhidi ya 32.8. Pafu la mgongoni linafunguka kwa uzito wa mwili wenyewe, bila kuubana moyo. Kinachohitajika ni mikono mitano au sita, mito, na mtu wa kushika mrija asiuachie.

Watafiti wa PHARLAP, jaribio jingine la ngazi lililofika 40, walisimamisha kazi mara tu ART ilipotoka, wakiwa na wagonjwa 115 kati ya 340 waliowapanga. Kama kwenu bado kuna karatasi ya ngazi ya 45 iliyobandikwa juu ya mashine, ibandueni leo, na mahali pake muandike majina ya watu sita wa zamu watakaomgeuza mgonjwa.