Gramu 57 kwenye ndoo ya lita 20

Kabla neno uchambuzi halijahamia magazetini, lilikuwa kazi ya pamba: mtu ameketi, anatenga nyuzi, mbegu na takataka. Msimu wa baridi uliopita nililirudisha kwao. Nilitandika mkeka chumbani, nikafunga madirisha upepo usinichezee, nikafumua kipande cha mshono wa duveti nililonunua kwenye mitumba ya Lushoto, nikaanza kuchambua.

Muuzaji alikuwa ameniapia. “Mama, hili la Ujerumani, manyoya matupu. Ukijifunika hili huamki.” Kwa mwenye vyumba vya wageni kama mimi, hiyo si sifa nzuri sana, lakini lebo ilinivuta: Daunen 30%, Federn 70%. Katika mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, Kijerumani kidogo bado kinafaa.

Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, kilomita 33 chini yetu, watu wanalala na shuka moja na feni. Huku Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, na nyumba za tofali za kuchoma na bati hazina kipasha joto. Chumba changu saa kumi alfajiri kinaweza kuwa baridi kuliko chumba cha Berlin mwezi Januari, chenye mabomba ya moto ukutani. Mgeni wa Ulaya halielewi hilo mpaka limkute.

Turudi kwenye lebo. Federn ni manyoya ya kawaida, bapa, yenye ufito katikati. Daunen ni lile tabaka laini lililo chini ya manyoya, hasa kifuani mwa bata au bata bukini. Vinywele laini vya mikononi mwetu tunaviita malaika, nami sioni jina bora kwa Daunen. Laika la bata halina ufito. Nyuzi zake zinatoka kwenye kitovu kimoja na kusambaa kila upande, kama mbegu ya mchunga inayopeperushwa. Ukilifinya linajikunja, ukiliachia linafunguka, na kila linapofunguka linashika hewa. Hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Hiyo ndiyo bidhaa. Bata ni mfungaji tu.

Ndiyo maana ubora hupimwa kwa kuumuka, kama maandazi. Maabara huweka aunsi moja, yaani gramu 28, ndani ya silinda, juu yake kibao chenye uzito maalumu, kisha husoma inchi za ujazo zilizojaa. Malaika yanayofika 600 ni mazuri. 800 ni ya kifahari. Inchi za ujazo hazinisaidii, nikazigeuza kuwa ndoo. Kwa kipimo cha 600, gramu 28 hujaza karibu lita 10, kwa hiyo gramu 57 zijaze ndoo ya lita 20 mpaka ukingoni. Nikapima gramu 57 kwenye mzani wa jikoni, nikazimimina, nikasubiri ziumuke. Zilifika kama lita tisa. Hiyo ni chini ya 300, tena mimi sikuweka kibao juu. Lebo haikudanganya, aliyedanganya ni neno “matupu”.

Jirani yangu, mzee aliyejaza magodoro miaka mingi, alicheka. “Mwanangu, si ungenunua sufi?” Swali lake lilistahili jibu. Msufi unaota huko chini kwenye joto, na Wajerumani waliupanda mashambani kama walivyopanda mkonge na mpira. Uzi wake una uwazi ndani kama mrija, na nta yake inafukuza maji. Ndiyo maana zamani sufi ilijaza majaketi ya kuokolea maisha baharini. Kwa kushika hewa, sufi haina aibu. Kasoro yake ni kwamba haifunguki tena. Nyuzi ni laini lakini zinakatika, zinashikana mabonge, na aliyelalia godoro la sufi analijua lile shimo la katikati na ile siku ya kulifumua, kulichambua na kulijaza upya. Chini ya mgongo unaweza kuvumilia. Juu ya mwili, mabonge yanakimbilia pembeni, nawe unabaki umefunikwa kitambaa.

Mshono nao una lake. Kitambaa cha juu kikishonwa moja kwa moja na cha chini, kila mstari wa uzi ni njia ya baridi. Duveti lililotengenezwa vizuri lina kuta za kitambaa ndani, zinazogawa vyumba. Liinue uelekeze juani: ukiona mistari ya mwanga iliyonyooka, rudisha.

Adui mkubwa wa malaika hapa, hata hivyo, ni ukungu wa msitu wa Magamba. Yakilowa, nyuzi zinagandana na hewa yote inatoka. Duveti nene likifuliwa Julai bila mashine ya kukaushia, litakaa kwenye kamba siku kadhaa na kunuka kuku aliyenyeshewa. Kwa hiyo nilipopata fedha sikununua moja zito. Waingereza hupima joto la duveti kwa togi, na la majira yao ya baridi huwa 13.5. Nilinunua mawili ya malaika, la 4.5 na la 9, kwa sababu togi hujumlishika. Jua likitoka mchana ninaanika moja, na ninafua foronya yake ya pamba tu. Chumba cha wenye watoto wadogo nimeweka la poliesta, linalokauka kwa siku moja, na sioni haya.

Lile la mtumba fundi cherehani amelikata kuwa mito minne. Mara mojamoja ufito wa unyoya unachungulia na kumchoma mgeni shavuni.