Kuzuia, Kushika na Kuacha: Vitenzi vya Biblia ya Kiswahili na Fundisho la Mungu Azuiaye Uovu

Katika teolojia ya Kikristo mna fundisho la kale ya kuwa uovu wa binadamu hauachwi ufike ukomo wake. Dhamiri, sheria, hofu ya aibu na mamlaka ya serikali huhesabiwa kuwa njia ambazo kwazo Mungu huirudisha nyuma dhambi hata kwa watu wasiomwamini. John Calvin alilieleza fundisho hilo katika karne ya 16. Abraham Kuyper akalipanua huko Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20. Na mwaka 1924 sinodi ya Christian Reformed Church iliyokutana Kalamazoo, Marekani, ikalitaja waziwazi katika hoja zake tatu juu ya neema ambayo Mungu huwapa watu wote. Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, hakutani nalo kwanza katika vitabu vya wataalamu hao. Hukutana nalo katika vitenzi vya Biblia, na vitenzi hivyo havisemi jambo moja.

Mahali palipobishaniwa zaidi ni sura ya pili ya Waraka wa Pili kwa Wathesalonike. Paulo ataja kitu kinachomchelewesha yule mwasi asidhihirike, kisha katika aya inayofuata amtaja mtu afanyaye kazi iyo hiyo. Katika Kigiriki neno la kwanza ni la jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, na la pili ni la kiume. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 yasema lizuialo, kisha azuiaye. Hapa watafsiri wastahili sifa. Ngeli za Kiswahili zimewawezesha kuihifadhi tofauti hiyo kwa kiambishi kimoja tu, bila maelezo ya pembeni: li- yadokeza jambo fulani lisilotajwa, na a- yamleta kiumbe mwenye nia. Kama wangalichagua ki-, msomaji angalifikiri juu ya chombo au boma. Kwa li- fumbo limebaki fumbo, nayo ni haki yake. Maana Tertullian alidhani ya kuwa dola ya Rumi ndiyo iliyokuwa ikiahirisha mwisho, Calvin akaona ni kuhubiriwa kwa Injili mahali pote, naye Augustino alikiri katika Mji wa Mungu kwamba hajui kabisa Paulo alikusudia nini. Ungamo hilo la Augustino lina thamani kuliko nyingi za fasiri zilizolifuata.

Ugumu waanzia katika shina la kitenzi chenyewe. Kitenzi cha Kigiriki katecho chatumika pia katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, pale waumini wanapoamriwa juu ya lililo jema, na hapo Union Version yasema lishikeni. Katika Warumi 1:18 watu waikandamizao kweli kwa uovu wao waelezwa kwa kitenzi hicho hicho, na Kiswahili chasema waipingao. Kwa hiyo kitenzi kimoja kimegawanywa mara tatu: kushika, kupinga, kuzuia. Hakuna mtafsiri awezaye kulaumiwa kwa kufuata muktadha. Lakini katika mgawanyo huo maana ya msingi, yaani kukishika kitu kwa nguvu kisiponyoke, imebaki katika mstari usiohusu uovu hata kidogo, na mstari unaohusu uovu umepewa kitenzi chenye sura nyingine.

Maana kuzuia katika Kiswahili ni kukomesha mwendo. Maji yakizuiwa hayapiti; mgeni akizuiwa haondoki. Ndiyo sababu msikilizaji kanisani, akiambiwa ya kuwa Mungu azuia uovu, huuliza kwa haki mbona vita vingalipo. Na mhubiri aliyebanwa hukimbilia kusema kwamba Mungu “ameruhusu”. Calvin aliikataa njia hiyo ya mkato katika kitabu cha kwanza cha Institutio, sura ya 18, akishikilia kwamba ruhusa tupu haitoshi kueleza kazi ya Mungu. Mfano alioupenda yeye ni hatamu. Farasi mwenye hatamu hakuzuiwa. Aenda, tena kwa nguvu zake mwenyewe, ila si popote apendapo. Nabii Isaya, katika sura ya 37, amtolea mfalme wa Ashuru mfano wa namna hiyo hiyo, wa kulabu na hatamu. Na Kiswahili kina usemi uliokomaa wa kushika hatamu, ambao wanasiasa wa Tanzania waliutumia sana kueleza ukuu wa chama baada ya mwaka 1975. Ajabu ni kwamba usemi huo uliwafaa wanasiasa kuliko ulivyowafaa wanateolojia.

Si jambo la msamiati tu. Mwaka ule ule wa 1952 ambao Biblia ya Union Version ilitoka, hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba, na shina hilo hilo la zuia likapata kazi nyingine: maelfu ya watu wakawekwa kizuizini. Katika kambi hizo mafundisho ya Kikristo yalikuwa sehemu ya mpango wa kuwageuza wafungwa. Baada ya uhuru neno halikustaafu. Ngũgĩ wa Thiong’o, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978 bila kufikishwa mahakamani. Serikali ikisomwa kuwa ndiyo azuiaye, kama Tertullian alivyoisoma dola ya Rumi, basi kizuizi chake chaelekea kuvikwa utakatifu. Hatamu yaleta swali ambalo kuzuia halileti: ni nani amshikaye huyo ashikaye?

Upande wa pili wa fundisho umepata kitenzi bora zaidi. Mara tatu katika Warumi 1 Paulo asema Mungu aliwatia watu mikononi mwa tamaa zao, na mara zote tatu Union Version yasema aliwaacha. Kigiriki chatumia kitenzi cha kukabidhi, kile kile ambacho katika Warumi 8:32 kimekuwa alimtoa kwa habari za Mwana. Uhusiano huo mzito umepotea. Lakini kuna faida isiyotarajiwa. Huwezi kumwacha usiyekuwa umemshika. Kiswahili, kwa neno jepesi la kila siku, chamwambia msomaji kwamba kabla ya hapo palikuwa na mkono. Kuachilia kungalisema hivyo kwa uwazi zaidi, na kungaliepuka ladha ya talaka iliyomo katika kuacha.

Yabaki neno moja la Wathesalonike, atakapoondolewa. Kigiriki hakina kauli ya kutendwa hapo. Chasema tu kwamba yule azuiaye atakuwa hayupo tena katikati. Angaliweza kuwa ameondoka mwenyewe. Kwa kiambishi -w- watafsiri wameamua kwamba yuko amwondoaye, na kwamba azuiaye naye yumo chini ya mwingine.