Mlengaji wa Visahani: Mtazame Kabla ya Mlio

Ukiketi kwenye banda la televisheni hapa Mhezi na Olimpiki ikafika kwenye skiti, mchezo wa kupiga kwa bunduki visahani vinavyorushwa angani, achana kwanza na ubao wa pointi. Najua mchezo huu si wetu. Medali zetu mbili za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zililetwa na miguu. Lakini ufundi ni ufundi, na huu unaonekana kwa macho ukijua pa kuangalia.

Anza na kitako cha bunduki. Sheria inamtaka mlengaji asubiri kitako kikiwa chini, kimegusa mstari ulio kwenye jaketi lake, usawa wa kiwiko. Akiita, kisahani huenda kikatoka papo hapo au kikamchelewesha hadi sekunde 3. Hapo mwanagenzi hujianika: mabega yanapanda, mtutu unaanza safari na kisahani hakijatoka. Fundi hata kope hatikisi. Kisha angalia shavu. Bunduki ndiyo inayolifuata shavu. Kichwa kikiinama kuitafuta bunduki, hata kisahani kikivunjika, amebahatisha.

Mtutu nao usisimame. Watoto wetu wanaoamia ndege kwa manati wanalijua hili: ukimlenga ndege pale alipo, jiwe litafika ameshapita. Kisahani chenye upana wa milimita 110 hupigwa kwa kutangulia mbele yake, na mikono iendelee kwenda hata baada ya mlio. Anayesita kidogo ili ahakikishe hupiga nyuma, kila mara.

Kuhusu vumbi, usidanganyike. Kisheria lazima kipande kionekane kikimeguka. Kisahani kikifuka vumbi tu, kimepotea. Kwenye fainali hutiwa poda ya rangi, na wingu lake huwapagawisha watazamaji. Mimi hupenda raundi za awali, visahani 125, pasipo mapambo. Huko utaona nani anavunjia kila kisahani mahali palepale angani, na nani anameguamegua kingo.

Baada ya hapo ndipo upime maisha ya mchezaji. Mmarekani Vincent Hancock alitwaa dhahabu Beijing 2008 akiwa na miaka 19, akairudia London 2012. Wakati huo pointi za awali zilibebwa hadi fainali. Mwaka 2013 sheria ikageuka, fainali ikaanza na sifuri, na Rio 2016 akaishia nafasi ya 15. Wengi wangeishia hapo na kuilaumu sheria. Yeye alishinda tena Tokyo kwa visahani 59 kati ya 60, kisha kwenye Olimpiki ya 2024, huko Châteauroux, kwa 58. Aliyemfuata kwa 57 ni Conner Prince, mwanafunzi wake mwenyewe. Kwangu mimi fedha ile ya Prince inaongeza thamani ya dhahabu ya mwalimu.

Hata hivyo, ukiniuliza raundi bora kuliko zote, nitakutajia Zhang Shan wa China, Barcelona 1992, wanawake na wanaume wakishindana pamoja. Kabla ya fainali alivunja 200 kati ya 200, akamaliza na 223 kati ya 225 na kuwapiku wanaume wote. Atlanta 1996 skiti ikabaki ya wanaume peke yao, bingwa akafungiwa nje bila kushindwa na mtu. Wanawake walipata skiti yao Sydney, mwaka 2000.