Picha Mbili za Kisu Kimoja

Kuna aina ya picha ambayo ukishaijua utaiona kila mahali mtandaoni. Imepigwa kutoka juu. Chini kuna meza ya mbao au kipande cha ngozi, na juu yake mtu amepanga vitu vilivyotoka mfukoni mwake: saa, kalamu, funguo, pochi, tochi ndogo, na katikati kisu cha kukunja. Vyote vimenyooshwa kama askari gwarideni. Kisha maelezo: jina la kisu, urefu wa bapa, aina ya chuma, kimebebwa miaka mingapi. Wenyewe wanaiita EDC, yaani vitu ambavyo mtu hatoki nyumbani bila kuvibeba, na wako wengi duniani wanaokusanya visu vya kizamani, kubadilishana na kusifiana.

Kuna picha nyingine inayofanana sana na hiyo. Nayo imepigwa kutoka juu. Chini kuna meza ya kituo cha polisi au sakafu ya saruji, na juu yake zimepangwa simu, laini kadhaa, pengine bastola ya kienyeji, na kisu. Nayo ina maelezo. Neno lake kuu ni "vilivyopatikana". Hii ya pili sisi wa Nairobi hatuhitaji kuelezwa. Tumekua nayo.

Nataka kuzisoma picha hizi mbili pamoja, kama mtu anavyosoma mashairi mawili ya bahari moja. Mimi si mtazamaji wa pembeni. Nakusanya visu vya kukunja. Ninavyo sita, na kimoja huwa mfukoni siku ambazo sina safari ya kuingia tao. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, siku hizi naishi kwa kuandikia watu makala yasiyobeba jina langu, kwa hivyo sitakurushia nadharia. Nitaangalia kilichoko mezani, na maneno yaliyowekwa chini yake.

Tuanze na sifa, maana zipo. Chukua Opinel. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, milimani mashariki mwa Ufaransa. Kufikia 1897 alikuwa na saizi 12, nambari 1 hadi 12, ingawa nambari 1 na 11 ziliachwa baadaye. Mwaka 1955 kikaongezewa pete ya chuma shingoni: ukiizungusha, bapa linakaa wazi bila kukurudia vidoleni. Nambari 8, ambayo wengi hubeba, ina bapa la sentimita 8.5. Kisu chote kina sehemu tano tu: bapa, mpini wa mbao, msumari, kola na pete. Mwaka 1985 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilikitaja miongoni mwa vitu 100 vilivyobuniwa vizuri zaidi duniani, na ukikishika mkononi huoni ajabu. Ni kama sentensi fupi iliyokamilika. Hakuna neno la kutoa.

Wakusanyaji pia wana tabia moja ambayo ningependa waandishi wengi wawe nayo: wanaangalia kitu kwa makini. Watakueleza jinsi chuma kisicho na kinga ya kutu kinavyobadilika rangi ukikatia limau au kitunguu, kinaanza bluu, halafu kijivu, na baada ya miezi kinabaki na madoa yasiyofanana na ya kisu kingine chochote. Watabishana kuhusu kinoo kwa siku tatu. Wakati huu ambapo kioo cha simu kikipasuka unaambiwa ununue simu nyingine, mtu anayejua kunoa kitu chake mwenyewe amebaki na ujuzi wa maana.

Lakini kama fasihi, picha hizi na maelezo yake zina udhaifu. Stori ni moja. Karibu kila mkusanyaji ana babu. Babu alikuwa na kisu, alimenyea tunda, alichongea mjukuu filimbi, akafa, kisu kikabaki. Babu huyu hana mshahara, hana bosi, hana siku mbaya. Na kisu kilichorithiwa kutoka kwake hakikati kitu. Angalia picha hizo uone: hakuna damu ya mbuzi, hakuna magamba ya samaki, hakuna ganda la muwa. Kazi inayotajwa sana ni kufungua kifurushi cha posta, na mara nyingi ndani ya kifurushi hicho kuna kisu kingine.

Hata neno "kiasili" linatumiwa bila kuulizwa maswali. Laguiole ni kijiji cha milima ya Aubrac, kusini mwa Ufaransa, ambacho kisu chake chembamba chenye mpini uliopinda kinajulikana tangu karne ya 19. Lakini jina hilo lilikuwa halina ulinzi. Visu vingi vinavyoitwa Laguiole vilitoka kwa muda mrefu mji wa Thiers, vingine vikatoka nje kabisa ya Ufaransa, na mwaka 1993 mfanyabiashara asiye wa kijiji akalisajili jina kwa bidhaa za kila aina, wanakijiji wakabaki mahakamani miaka na miaka. Kwa hivyo ukisoma "kisu cha kiasili" chini ya picha, uliza: asili ya nani, na nani analipwa?

Swali hilo linatufikisha kwenye kisu ambacho kwangu ndicho muhimu kuliko vyote, na ambacho wakusanyaji hukitaja kama kituko cha bei rahisi. Kinaitwa Okapi. Ukikiona utakijua: mpini wa mbao uliopinda, uliopakwa vanishi, umetiwa nakshi za chuma za nyota na mwezi mwandamo, na mgongoni kuna pete. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra, meno ya kufuli yakipita moja baada ya jingine. Ukitaka kukifunga unavuta pete.

Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Soma tena sentensi hiyo polepole. Mnyama okapi anaishi katika misitu ya Kongo, na wanasayansi wa Ulaya walikuwa wametoka tu kumtambua mwaka 1901. Mwaka uliofuata jina lake likachongwa kwenye kisu ambacho kingeuzwa kwa Mwafrika. Eneo ambalo baadaye liliitwa Tanganyika lilikuwa ndani ya moja ya makoloni hayo, na miaka mitatu baadaye, 1905, vita vya Maji Maji vikaanza huko. Sisemi kisu kilisababisha vita. Nasema ni kitu kilichobuniwa mbali, kikapewa sura ya "kwetu", kikaletwa tukinunue. Tuna vitu vingi vya hivyo nyumbani, na vingine tunaviita utamaduni.

Halafu watu wakakichukua wakakifanya chao. Afrika Kusini kilizoeleka kiasi kwamba tangu 1988 kinatengenezwa huko huko, na Ujerumani hakitengenezwi tena. Kilikuwa kisu cha mfanyakazi wa shamba, na wakati huo huo kikapata jina baya mitaani kama kisu cha magenge. Jamaika wakakiita ratchet, kikawa alama ya vijana wa Kingston waliokuja mjini kutafuta maisha wakakuta maisha hayapo. Ukitazama filamu The Harder They Come ya mwaka 1972, utamwona Ivan, anayeigizwa na Jimmy Cliff, akigombania baiskeli aliyoikarabati kwa mikono yake, akamkata mwenzake kwa kisu, na mahakama ikaamuru achapwe viboko. Kila kitu kiko hapo: kazi aliyoifanya, mali ambayo hakuna anayekubali kuwa ni yake, kisu, hukumu. Hakuna picha ya EDC niliyoiona yenye stori nzito kama dakika hizo chache.

Sasa Okapi hicho hicho kikitua kwenye meza ya mbao Ulaya au Marekani, pembeni ya saa ya mkono na daftari la ngozi, maelezo yanasema: "rahisi, kina historia." Kimeoshwa. Hadi hapo mtu anaweza kuniambia nimekosa kazi, kila kitu kinachokusanywa huoshwa, hata vinyago. Ni kweli. Ila kisu kina tofauti moja na kinyago. Kinyago hakikupeleki ndani.

Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inakuruhusu kubeba hadharani kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, na baadaye mahakama ikaamua kwamba kisu kinachojifunga kikiwa wazi hakihesabiki kuwa cha kukunja. Kwa hivyo ile pete ya Opinel, ambayo imewekwa ili usijikate, mtaani London inahitaji uwe na sababu nzuri ya kueleza. Na takwimu za serikali yao wenyewe zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watu weusi wanasimamishwa na kupekuliwa mara nyingi zaidi ya wazungu. Wote wawili wanaweza kuwa na Opinel nambari 8. Mmoja ataulizwa.

Hapa Kenya, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu akikutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha alikusudia kutenda kosa kubwa, kifungo ni miaka isiyopungua 7 na isiyozidi 15. Zingatia neno "mazingira". Sheria yenyewe inataka mtu asome: saa ngapi, mtaa gani, nguo gani, nywele gani. Karao aliyesimama na tochi saa tatu usiku ndiye mhakiki wa kwanza. Akisoma vibaya hakuna toleo la pili.

Ndiyo maana EDC ya Nairobi haiwezi kufanana na ile ya picha. Kuingia mall unapapaswa kwa mashine, benki unapapaswa, ofisi ya serikali unapapaswa. Kisu unakiacha kwa soja wa mlangoni kama una bahati ya soja mpole, ama unakiacha nyumbani. Mwenye gari hukiweka ndani ya gari. Anayepanda matatu hana pa kukiweka. Kwa hivyo kabla hatujaongea juu ya chuma na mbao, uhuru wa kubeba kisu kila siku umeshagawanywa kwa usafiri.

Na bado, watu wanabeba. Nenda kwa fundi viatu yeyote kando ya barabara. Kisu chake ni kipande cha msumeno wa kukatia chuma, kimesuguliwa hadi kikawa na makali ya wembe, mpini wake ni mpira wa tyubu uliozungushwa mara nyingi. Tazama mama mboga akikata sukuma: kisu kimenolewa miaka mingi hadi bapa limebaki jembamba kama jani, na mkono wake hauangalii. Tazama muuza miwa. Hizo ndizo EDC zetu, zinatoka nyumbani asubuhi zinarudi usiku na mwenye nazo. Sijaona hata moja kwenye picha ya mkusanyaji. Hazina nambari, hazina mwaka, hazina jina la mwanzilishi wa milimani. Zina mtu tu.

Nimejaribu kuandikia visu hivyo maelezo kwa namna ya EDC, kama zoezi. "Kisu cha fundi viatu. Msumeno, mpira wa tyubu. Kimebebwa miaka 11. Kimekata soli, ngozi, uzi, na karatasi ya chapati." Nilivyoandika hivyo nikagundua kwamba mtindo wenyewe hauna shida. Unaweza kubeba ukweli. Kilichokuwa kimekosekana ni kazi, na mkono.

Kisha nikachukua ile picha ya pili, ya sakafu ya saruji, nikajaribu vivyo hivyo. Hapo nilikwama. Kijana akishauawa, taarifa hufuata mpangilio ambao tunaujua kwa moyo: alikuwa anatafutwa, alikaidi amri, na mwishoni, kisu kikapatikana. Sentensi hiyo ya mwisho haina mtu ndani yake. Kisu "kilipatikana", chenyewe, kama uyoga. Hatuambiwi kilinunuliwa wapi, mpini wake ulikuwa wa nini, kilikuwa kimekata nini jana yake. Labda kilikuwa cha kuiba. Labda kilikuwa cha kumenya viazi kibandani kwa mamake. Labda hakikuwa chake. Mkusanyaji anaandika aya tatu juu ya kisu ambacho hakijawahi kukata kitu, na polisi wanaandika neno moja juu ya kisu kinachobeba kesi nzima.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Siku hizi naona anayekula ni mwenye kuandika maelezo chini ya picha. Yeye ndiye ameshika mpini, na aliye pichani ameshika makali, hata kama kisu ni chake.

Sitaacha kukusanya. Napenda mlio wa Okapi, napenda pete ya Opinel ikizunguka, na sioni kwa nini kijana wa Eastlands anyimwe kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri. Lakini ukipanga vyako mezani upige picha kutoka juu, andika vyote: ulikinunua kwa pesa ya kazi gani, kimekata nini, nani alikufundisha kukinoa, na ni mlango gani wa tao ambapo huwezi kupita nacho. Na ukiiona ile picha nyingine, usiruke mstari wa mwisho. Uliza kuhusu kile kisu maswali yale yale ambayo ungeuliza kuhusu chako.