Visiki vya Thomas Cole: Mchoro wa Mandhari kama Ushahidi wa Turathi

Ni mazoea ya wahakiki wengi kuuchukulia mchoro wa mandhari kama kioo cha mahali na wakati wake. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Tunadai kwamba mchoro ni usimulizi, na kuwa mchoraji, sawa na msimulizi wa riwaya, huchagua la kusema na la kunyamazia.

Mfano wetu ni Milima ya Catskill, katika jimbo la New York, Marekani, kama ilivyosawiriwa na Thomas Cole (1801–1848), mzaliwa wa Uingereza aliyefanya maskani karibu na milima hiyo. Cole aliichora mandhari moja zaidi ya mara moja, akiitazama milima ng'ambo ya kijito cha Catskill. Katika mchoro wa 1836–37, miti mirefu imeizingira picha. Mama yuko na mtoto wake mchanga pamoja na maua, na mwanamume anawafukuza farasi. Katika ule wa 1843, miti hiyo imekatwa. Mtu mwenye shoka amesimama mbele, na kwa mbali garimoshi linapita. Milima yenyewe haijabadilika.

Msomaji wa haraka atahitimisha kuwa msitu ulikuwa mzima 1837 na ukaangamia kufikia 1843. Hata hivyo, mnamo 1836 Cole alikuwa amekwisha kulalamika katika barua kwamba miti ya bonde hilo inakatwa. Kwa hiyo mchoro wa kwanza haukurekodi hali iliyokuwapo, bali ulihifadhi ile iliyokuwa ikitoweka. Ni maombolezo yaliyovishwa vazi la sifa. Wa pili haulii wala haulaani. Unaviachia visiki ushahidi.

Upo ukimya mzito zaidi. Wamohican, wenyeji wa bonde la Mto Hudson kabla ya walowezi, hawamo katika mchoro wowote kati ya hiyo miwili. Turathi inayoombolezwa hapa huanzia kwa mlowezi, ilhali kwa Wamohican hasara ilitangulia reli kwa vizazi kadhaa.

Hoja hii haiupunguzii mchoro thamani ya ushahidi. Inabainisha tu ni ushahidi wa nini. Mchoro wa Cole hauhesabu miti. Unaonyesha ni lini jamii fulani ilianza kukiita kitu fulani hasara, na ni hasara za nani zilizoachwa nje ya fremu. Mhakiki wa turathi za milimani hana budi kuyasoma yote mawili.